Kifuniko kinapokataa

Natengeneza achari na jamu hapa Tanga. Achari ya embe na ya ndimu, jamu ya machungwa ya Muheza msimu wake ukifika, na siagi ya karanga mwaka mzima. Kazi yangu kwa hiyo ni vifuniko: kuvifunga, kuvifungua, kuvikagua kama vimekaa sawa. Na mikono ninayoifanyia kazi hiyo ina ugonjwa wa viungo. Gumba la kulia limetokeza mfupa pale chini linapokutana na kifundo cha mkono, na vidole kadhaa vimeota vinundu karibu na kucha. Asubuhi havikunjiki vizuri mpaka nivizungushie kikombe cha chai ya moto kwa muda.

Nina mteja, bibi wa makamo ya mama yangu, anayependa sana jamu ya machungwa. Siku moja nilimwamkia dukani, tukaongea, akanieleza kwamba jamu yangu anaila jioni tu. Nikamuuliza kwa nini isiwe asubuhi na chai, kama watu wengine. Akasema, "Mwanangu, asubuhi nitaifungua na nani? Nangoja mjukuu atoke shule."

Maneno hayo yalinikaa. Mtu amenunua chakula kwa pesa yake, kipo mezani kwake, njaa anayo, na bado hawezi kukila. Tena anaona ni udhaifu wake, jambo la kumezea kimya. Mimi nasema hapana. Kifuniko kile kilifungwa na mtu, kwa makusudi, kwa nguvu aliyoichagua yeye. Anayefunga ana deni kwa anayefungua, na mimi niliye kwenye biashara ya kufunga nalikubali deni hilo.

Tuanze na mkono wenyewe, maana ukijua kinachouma na kwa nini, unajua pia nguvu uipeleke wapi.

Magonjwa ya viungo ni mengi, ila mawili ndiyo yanayoharibu zaidi mikono ya kazi. La kwanza ni lile la gegedu kulika. Gegedu ni kile kitambaa laini kinachofunika ncha za mifupa ili isisuguane. Kikichakaa, mfupa hujibu kwa kuota vinundu, na kiungo hukakamaa na kuuma kikitumika. Vidoleni hushambulia zaidi viungo vya karibu na kucha, vya katikati ya kidole, na shina la gumba. La pili ni baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kuvishambulia viungo vyake yenyewe. Hii huvimbisha vifundo vya kiganja na vya kidole pande zote mbili, kulia na kushoto, na ukakamavu wake wa asubuhi unaweza kukaa saa nzima au zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kwanza, na milioni 18 wa pili. Katika yote mawili wanawake ni wengi kuliko wanaume.

Kama vidole vyako vimevimba, vina joto, na asubuhi unachukua muda mrefu kabla ya kuvikunja, nenda hospitali mapema. Usikae nyumbani ukipaka mafuta na kungoja msimu wa baridi upite. Ile ya kinga ya mwili ina dawa za kuizuia isiharibu viungo, na dawa hizo hufaa zaidi zikianza kabla kidole hakijapinda.

Sasa gumba. Wataalamu wa mikono hupenda kutaja hesabu hii: ukibana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kati ya ncha ya gumba na ya kidole cha shahada, kiungo cha shina la gumba kinaweza kubeba kilo 12. Nilipoisikia nilielewa mengi. Kifuniko kidogo cha chupa ya maji, ambacho kila mtu anadhani ni chepesi, ndicho kinachoniumiza kuliko kifuniko kipana cha jamu, kwa sababu hakishikiki ila kwa kubanwa na ncha mbili za vidole. Kipana naweza kukiwekea kiganja kizima.

Na kifuniko nacho kina mambo yake.

Jamu humiminwa chupani ikiwa ya moto sana. Ile nafasi ndogo inayobaki juu hujaa mvuke, nawe unafunga. Jamu ikipoa, mvuke hurudi kuwa maji, nafasi ile inabaki na hewa kidogo sana, na hewa ya nje inakisukuma kifuniko chini. Ndiyo maana katikati ya kifuniko huingia ndani kidogo, na siku ya kufungua unasikia "tap!" kinaporudi juu. Kifuniko chenye upana wa sentimita 7 kina eneo la sentimita za mraba 38 na ushei. Hapa pwani hewa hukandamiza kila sentimita ya mraba kwa uzito wa karibu kilo 1. Hata kama ndani mgandamizo umeshuka nusu tu, kifuniko hicho kimelaliwa na karibu kilo 20. Hebu liweke akilini dumu la maji la lita 20, lililojaa, juu ya chupa ya jamu. Huo ndio uzito anaoambiwa bibi aushinde kwa kuzungusha, kwa vidole vyenye vinundu.

(Waliopeleka chupa zangu Lushoto wameniambia kule zinafunguka kirahisi zaidi. Si bahati. Lushoto iko juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya kule ni nyepesi. Chupa iliyofungwa Tanga ikifika huko inakandamizwa na uzito mdogo kuliko huku ilikotoka.)

Achari haina shida hiyo. Chumvi, siki na mafuta ndivyo vinavyoihifadhi, si ule utupu wa ndani. Achari hugoma kwa sababu nyingine: mafuta yenye bizari hutambaa kwenye mifereji ya mdomo wa chupa, hukauka, na kukigandisha kifuniko. Sukari ya jamu na asali hufanya vivyo hivyo.

Ukishazijua sababu hizo mbili, utupu na kuganda, utaona kwamba kukamata kifuniko na kukinyonga kwa hasira ndiyo njia mbovu kuliko zote. Kwanza toa utupu. Weka chupa mezani juu ya kitambaa kibichi ili isiteleze. Chukua kijiko kigumu cha chuma, ingiza ncha yake chini ya ukingo wa kifuniko, kisha sukuma mpini wa kijiko kwa kiganja, si kwa vidole. Sogea kidogo, rudia upande mwingine. Utasikia ile "tap!", na baada ya hapo lile dumu limeshashuka. Kifuniko kilichokuwa kinanitoa jasho nakizungusha kwa mkono mmoja. Nimewafundisha wengi jambo hili, na nisingekuwa na nafasi ya kuandika zaidi ya mstari mmoja, ningeandika huo wa kijiko.

Kwa kilichoganda, tumia maji ya moto. Geuza chupa, chovya kifuniko peke yake kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika chache. Chuma hutanuka zaidi kuliko kioo, ule mpira wa ndani ya kifuniko hulainika, na sukari au mafuta yaliyokauka huyeyuka. Chupa iliyotoka kwenye friji iache kwanza ipoteze ubaridi wake, kioo baridi kikikutana na maji ya moto hupasuka.

Kisha mshiko. Hapa nina dawa ya hapahapa kwetu, na ninaisifia bila kuchoka: tyubu ya baiskeli. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote, muombe kipande cha tyubu iliyochoka. Ioshe kwa sabuni, ikate kwa urefu, ifungue iwe bapa. Ukiifunika juu ya kifuniko, mpira unauma chuma na wewe huna haja ya kubana. Unalaza kiganja juu, unakandamiza kwa uzito wa bega, na kuzungusha kwa mkono mzima kuanzia begani. Kwa vifuniko vipana tyubu ya gari ni bora zaidi. Ndara iliyokatika kamba nayo isitupwe, kipande cha soli yake kinafanya kazi ileile. Glovu za mpira za kuoshea vyombo pia zinafaa, tatizo lake ni kuzivaa ukiwa na vidole vilivyovimba.

Kaa chini kama unaweza. Chupa iwe kwenye meza fupi au kati ya mapaja, chini ya usawa wa kiwiko, ili uzito wa mwili ukusaidie. Kusimama huku umeinua chupa kifuani ni kuuachia mkono kazi yote.

Fundi seremala mmoja wa mtaani kwetu alinitengenezea kitu ambacho sasa nisingekubali kukosa jikoni. Alipigilia vibao viwili chini ya rafu, vimekutana upande mmoja na kuachana upande mwingine kwa umbo la herufi V, ndani yake akabandika tyubu. Nasukuma kifuniko katikati ya vibao mpaka kibane, kisha nashika chupa kwa mikono yote miwili na kuizungusha chupa yenyewe. Mikono miwili, viganja vizima, gumba limepumzika. Vifaa vya namna hii huuzwa madukani ng'ambo, lakini hapa seremala yeyote anaweza kukutengenezea kwa mabaki ya mbao.

Makopo ni habari ya kusikitisha zaidi, na nitaeleza kwa nini. Mwingereza Peter Durand alipewa hataza, yaani haki rasmi ya ubunifu, ya kuhifadhi chakula kwenye kopo la bati mwaka 1810. Kifaa cha kulifungulia kopo hilo kilikuja kwenye miaka ya 1850; Robert Yeates wa Uingereza alitoa cha kwake mwaka 1855, na Mmarekani Ezra Warner akapata hataza yake mwaka 1858. Katikati hapo zilipita zaidi ya miaka arobaini, watu wakitumia nyundo na patasi. Chakula kimefungwa kwa ustadi wa hali ya juu, na hakuna aliyewaza kitatokaje. Sioni kama tabia hiyo imekwisha.

Kipete cha kuvuta, alichokibuni Mmarekani Ermal Fraze na ambacho makopo ya soda yalianza kukitumia kwa wingi miaka ya 1960, kimewasaidia wengi, ila kinamtaka mtu aingize ukucha chini yake na kuvuta kwa kidole kimoja. Mimi siingizi kidole. Napitisha mpini wa kijiko ndani ya kipete, nauinamisha kuelekea ukingo wa pili wa kopo, na kijiko kinainua. Kwa kopo la samaki naendelea kuvuta hivyohivyo, taratibu, mkono mwingine ukilizuia kopo juu ya kitambaa kibichi. Lisilo na kipete linahitaji opena. Zile za kuzungusha kipepeo kidogo pembeni zinaumiza gumba vibaya sana. Ukipata yenye mpini mnene na mkono mrefu wa kuzungushia, inunue hata kama bei imezidi. Kuchoma kopo kwa kisu, kama wengi wetu tulivyolelewa, acha kabisa ikiwa mkono wako unatetemeka au hauna nguvu za kukidhibiti kisu. Na kopo lililovimba usihangaike nalo kwa njia yoyote, litupe.

Soda ya chupa haina taabu ukiwa na opena yenye mpini mrefu, au ile ya kupigilia ukutani ambapo chupa yenyewe ndiyo inayokuwa mpini. Kwa meno, hapana. Chupa ndogo za maji nazifungulia plaizi iliyozungushiwa kitambaa. Chupa ya chai yenye kizibo cha kuzungusha inanyonya kizibo ndani kila chai inapopoa, kwa hiyo tuliihama nyumbani kwangu tukanunua ya kubonyeza juu, ambayo hata ngumi inaibonyeza. Dumu la mafuta naomba muuzaji alifungue palepale dukani, kisha nalifunga kwa kiasi changu.

Wapo walioliona deni hili kabla yangu. Sam Farber, Mmarekani aliyekuwa kwenye biashara ya vyombo vya jikoni, alimwona mkewe Betsey akipata taabu ya kumenya kwa kifaa cha chuma chembamba, kwa sababu viungo vya mikono yake vilikuwa vinamuuma. Mwaka 1990 wakatoa vifaa vya OXO Good Grips vyenye mipini minene ya mpira laini. Walionunua hawakuwa wagonjwa pekee. Mpini mnene ni mzuri kwa kila mkono, na hapo ndipo ninapowaambia mafundi wetu: ukimtengenezea mwenye maumivu, umemtengenezea kila mtu. Mimi mwiko wangu, upawa, kisu na opena vyote vimeviringishwa tyubu na kufungwa vizuri mpaka vikawa vinene. Gharama yake haifiki bei ya soda.

Vifuniko vya dawa ndivyo vinavyonitia uchungu. Vile vya kukandamiza na kuzungusha kwa wakati mmoja vilianza Kanada. Daktari wa watoto Henri Breault alihangaikia sumu zilizokuwa zikiwadhuru watoto, na kifuniko hicho kikaanza kutumika mwaka 1967. Kimeokoa watoto wengi, nami nakiheshimu. Sisi tunaoishi na mafuta ya taa kwenye chupa za soda tunajua hatari ile ilivyo. Lakini kifuniko kinachomzuia mtoto wa miaka mitatu humzuia pia bibi wa miaka sabini, na mara nyingi dawa iliyomo ndani ni ya mikono yake hiyohiyo. Marekani ilipitisha sheria ya vifuniko hivyo mwaka 1970, na mwaka 1995 ikabadili kanuni ili vipimwe pia na watu wazima wa miaka 50 hadi 70. Robo karne ilipita kabla ya mzee kuwekwa rasmi kwenye majaribio.

Ukienda duka la dawa, sema. "Naomba uniwekee kwenye chombo chenye kifuniko rahisi, mikono yangu inauma." Si ombi la ajabu. Kama vidonge vimo kwenye karatasi za kubonyeza na vidole havibonyezi, muulize mfamasia kama inafaa kuvitoa na kuvipanga kabla, maana zipo dawa zisizotakiwa kukaa nje ya karatasi yake. Ukishapata kifuniko rahisi, dawa ipande juu ambako mtoto hafiki, na isirudi chini hata siku moja.

Kuhusu msaada wa ndugu nina neno kwa watoto wetu. Mnapoona mama anapambana na chupa, mnakuja mbio: "Lete mama, nikufungulie." Mnatupenda, tunajua, na Mungu awalipe. Lakini nyie mna kazi, mna safari, mna shule. Chupa ikifunguliwa leo, kesho imefungwa tena na nyie hampo. Mkimpelekea mama kipande cha tyubu, mkampigia vibao viwili chini ya rafu, mkalegeza vifuniko vyote vya jikoni kabla ya kuondoka, amekula asubuhi bila kumngoja mtu. Hospitalini pia ulizeni kama yupo mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Hao kazi yao hasa ni kumwonyesha mtu namna ya kuendelea na shughuli zake kwa mwili alio nao, na hufundishwa hapa nchini, hospitali ya KCMC kule Moshi.

Upande wangu wa deni nimeanza kuulipa hivi. Chupa za mdomo mwembamba sinunui tena. Kila mdomo wa chupa naufuta kwa kitambaa safi chenye maji ya moto kabla ya kufunga, ili pasibaki tone la sukari wala mafuta kwenye mifereji. Achari nafunga kwa ncha za vidole tu, inatosha. Jamu siwezi kuilegeza, utupu ule ndio unaoilinda isiharibike, na sitauza chakula cha kumdhuru mtu ili mradi kifunguke kirahisi. Kwa hiyo kwenye lebo ya jamu, chini ya jina na tarehe, nimechapisha kwa herufi kubwa anazoweza kuzisoma bila miwani: INUA UKINGO KWA KIJIKO MPAKA USIKIE MLIO, NDIPO UZUNGUSHE. Na kila chupa ya jamu inatoka na kipande cha tyubu iliyooshwa, kimefungwa shingoni kwa uzi. Wenye maduka waliniuliza mwanzoni kile ni nini. Sasa wanaonieleza ni wao, kwamba kuna wateja wanaorudi kuomba kile kipande peke yake, na mimi nimewaambia wawape bure.